Rebmann: Mpita njia wa Taita aliyeacha kamusi mikononi mwa wengine

JINA la Johannes Rebmann hufundishwa shuleni kwa sentensi moja tu: kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro na kuandika habari za theluji iliyo kileleni mwake. Sentensi hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, inamnyima haki mtu aliyeishi pwani ya Afrika Mashariki kwa karibu miaka 29, akazitumia siku chache mno kati ya hizo kutazama milima, na nyingi mno akiwa ameinamia karatasi zilizojaa maneno aliyoyapata kwa watu wengine.

Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820, katika mji mdogo wa Gerlingen, eneo la Württemberg, kusini mwa nchi inayoitwa leo Ujerumani. Alisomea kazi ya umisionari mjini Basel, Uswisi, kisha akahamia Uingereza kujiunga na chama cha wamisionari wa Kianglikana, Church Missionary Society, kilichofahamika kwa kifupi kama CMS. Aliwasili Mombasa mwezi Juni mwaka wa 1846.

Aliyempokea ni Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa ametangulia miaka miwili. Krapf alikuwa amekwisha kumzika Mombasa mkewe, Rosine, pamoja na binti yao mchanga, wote wawili mwezi Julai 1844. Alikuwa pia ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Jambo hilo linastahili kukumbukwa. Kazi ya kwanza ya tafsiri ya Biblia katika Kiswahili ilipitia mikononi mwa mwanachuoni wa Kiislamu aliyemsahihishia mgeni lugha yake.

Mwezi Agosti mwaka huo wa 1846, wawili hao walifungua kituo Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Aliota mlolongo wa vituo utakaovuka bara zima kutoka bahari hadi bahari. Rebmann alikuwa mtu wa namna nyingine: mtaratibu, mshikilivu, asiyependa kuondoka mahali kabla hajapaelewa. Tofauti hiyo ya tabia ndiyo iliyokuja kuamua hatima ya maandishi yao.

Safari yake ya kwanza barani ilikuwa ya Taita. Oktoba 1847 aliondoka Rabai, akaivuka nyika kavu ya Taru na kufika Kadiaro, mlima ambao leo wakazi wa Kaunti ya Taita Taveta wanauita Kasigau, wenye urefu wa kiasi cha mita 1,600. Mji wa Voi haukuwapo. Voi lilikuwa jina la mto, na reli iliyozaa mji huo ilikuwa bado nusu karne mbele. Rebmann alikaa siku chache, akazungumza na wazee, akaulizia watu wa milima mingine na kurudi Rabai kabla mwezi haujaisha. Mzungu mwingine hakuwa ametangulia kuandika habari za mahali hapo.

Miezi sita baadaye alipita tena Taita, safari hii akielekea Uchagani. Alikuwa na wapagazi wachache na kiongozi mzoefu wa njia za misafara aitwaye Bwana Kheri. Silaha yake, kama inaweza kuitwa silaha, ilikuwa mwavuli. Baada ya kupita Bura, asubuhi ya Mei 11, 1848, aliona kitu cheupe juu ya mlima mbele yake. Alimwuliza mwenyeji wake kile ni kitu gani. Mtu huyo hakuwa na jina la kukiita, akajibu kwamba ni baridi.

Rebmann alilitambua neno hilo papo hapo kuwa ni theluji, na alipofika Kilema kwa Mangi Masaki akaendelea kuuliza, akakuta Wachaga wanakiita Kibo. Mtu asiye na subira ya lugha angelipita jibu la baridi kana kwamba mjibuji hakuelewa swali. Rebmann alilichukua kama ushahidi. Ugunduzi anaosifiwa kwao ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, ufafanuzi wa neno moja kati ya watu wawili waliokuwa wakitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Habari zake zilichapwa London mwaka wa 1849 katika jarida la CMS. Hapo akakutana na mhariri asiyemtarajia. William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwa amekanyaga Afrika Mashariki, alisoma maandishi hayo akiwa Uingereza na kutangaza kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Rebmann alikuwa Rabai, na barua kati ya pande hizo mbili zilichukua miezi. Kila alipojibu hoja moja, nyingine ilikuwa imekwisha chapwa. Hata mwaka wa 1861, Baron Karl Klaus von der Decken alipokwenda Kilimanjaro pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton na kuthibitisha, Cooley hakukubali. Mwaka uliofuata von der Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi kiasi cha mita 4,200, na theluji ikawaangukia wao wenyewe.

Safari za Uchagani hazikumletea Rebmann faida nyingine. Alikwenda tena mwishoni mwa 1848, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga na kupokewa vizuri. Aliporejea mwaka wa 1849 akiwa na mizigo mingi zaidi, akikusudia kwenda mbali hadi Unyamwezi, mali yake yote iliishia mikononi mwa mangi huyo kwa jina la zawadi. Alirudi pwani akiwa amedhoofika. Hakujaribu tena.

Tangu hapo Rebmann alikuwa mtu wa Kisulutini, kituo chao karibu na Rabai. Mwaka wa 1851 alimwoa Emma, mjane Mwingereza aliyekuwa akifundisha Misri. Mtoto wao alifariki angali mchanga. Mwaka wa 1853 Krapf, ambaye afya yake ilikuwa imevunjika, alirudi Ulaya. Rebmann akabaki na maneno.

Ni vyema kueleza kazi hiyo ilivyokuwa ikifanywa, kwa kuwa kamusi huonekana rahisi ikisha kuchapwa. Mwandishi huketi na msemaji wa lugha. Humwuliza neno, hulisikia, hulirudia, husahihishwa matamshi, kisha huuliza linatumikaje, lina wingi gani, linageukaje katika kitenzi. Kesho yake huja msemaji mwingine wa kijiji cha pili na kusema kwao hawasemi hivyo. Ukurasa hukatwa, huandikwa pembeni, hunakiliwa upya. Nakala moja ikitumwa Ulaya, iliyobaki Rabai huendelea kubadilika. Baada ya mwaka mmoja kuna kamusi mbili zinazodai kuwa moja. Rebmann alikuwa na lugha tatu za namna hiyo mezani kwa wakati mmoja: Kiswahili cha Mvita, Kinyika, kama walivyoziita lugha za Wamijikenda, na ya tatu iliyokuwa ikisemwa mbali sana na Rabai.

Lugha hiyo ya tatu aliipata kwa mtumwa. Alijulikana Mombasa kwa jina la Salimini, naye alikuwa ametekwa miaka kiasi cha kumi nyuma katika nchi inayoitwa leo Malawi. Kwao kulikuwa mahali paitwapo Mphande, yaelekea upande wa Lilongwe. Kati ya mwaka wa 1853 na 1854, yeye na Rebmann waliketi pamoja na kuijenga kamusi ya lugha ambayo Rebmann aliiita Kiniassa, na ambayo leo inafahamika kama Chichewa. David Livingstone alikuwa bado hajafika Ziwa Nyasa. Alifika mwaka wa 1859.

Salimini hakuwa mtu wa kuulizwa na kujibu tu. Alipambanua maneno ya kwao, aliyoyaita Kikamtunda, yaani usemi wa nyanda za juu, na ya Kimaravi yaliyosemwa kusini zaidi. Tofauti hizo zikaingia katika kamusi. Kwa lugha ya vyumba vya habari, alikuwa mhariri mwenza. Alikuwa pia mali ya mtu mwingine, na mambo hayo mawili yanakaa katika kitabu kimoja bila kupatanishwa.

Leo mwalimu aliye Voi na mwenzake aliye Wundanyi wanaweza kufungua ukurasa mmoja kwenye kompyuta zao, na herufi anayoandika huyu ikaonekana kwa yule mara moja. Wengi hudhani ni jambo jepesi. Chukua maneno mawili yaliyokosewa, mlma mrenfu. Wa Voi anatia herufi i mahali pa tatu ili isomeke mlima. Katika sekunde hiyo hiyo wa Wundanyi anaagiza herufi ya tisa ifutwe, ukihesabu na nafasi, ili n iondoke. Agizo la kwanza limekwisha sogeza kila kitu hatua moja, kwa hiyo ya tisa sasa ni e, na programu isiyo na akili itafuta e na kuacha n. Wawili wote wako sahihi, na ukurasa umeharibika.

Mwaka wa 1968 Douglas Engelbart alionyesha mjini San Francisco watu wawili walio mbali wakifanya kazi kwenye maandishi yale yale. Kanuni ya kusogeza maagizo ili yasigongane ilitolewa mwaka wa 1989 na Clarence Ellis na Simon Gibbs. Afrika Mashariki, wataalamu waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa mwaka wa 2004 Jambo OpenOffice, programu huria ya Kiswahili ya kuandikia; lakini programu ya aina hiyo siku hizo ilimruhusu mtu mmoja tu kurekebisha faili kwa wakati mmoja, wengine wakingoja. Desemba 2009 programu ya Etherpad, iliyoruhusu watu wengi kuandika pamoja, ilifunguliwa msimbo wake ili yeyote aweze kuuchukua na kuuboresha.

Ugumu wake hasa hauko katika kasi. Uko katika kuhifadhi nia ya kila mwandishi, na kumbukumbu ya nani aliandika nini. Rebmann na Salimini, wakiwa meza moja, walitatua hilo kwa kusemezana. Rebmann na Krapf, wakitenganishwa na bahari, hawakuweza.

Mfano wa kuchanganya kauli za watu wengi usivyo salama ulitokea miaka hiyo hiyo. Rebmann na mmisionari mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari za wafanyabiashara wa misafara juu ya ziwa lililoko bara. Wa njia ya kusini walisema wameliona. Wa njia ya kati walisema wameliona. Wa kaskazini vivyo hivyo. Ramani iliyochorwa na kuchapwa mwaka wa 1855 na 1856 iliyaunganisha yote kuwa ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono asiye na gamba. Kila msimulizi alikuwa amesema kweli. Yalikuwa maziwa matatu, yaani Nyasa, Tanganyika na lile lililokuja kuitwa Victoria. Kosa hilo lilizaa matunda kwa njia yake, kwani Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliwatuma Richard Burton na John Hanning Speke kwenda kuchunguza. Burton alifika Kisulutini mapema mwaka wa 1857 kumwona Rebmann kabla hajaelekea bara.

Mwaka huo huo mashambulizi ya Wamaasai yaliutikisa upande wa Rabai, na Rebmann akahamia Zanzibar kwa muda. Alirudi. Emma alifariki mwaka wa 1866. Waumini walikuwa wachache mno, na wakubwa wake London walianza kujiuliza kama kituo hicho kina haja ya kuendelea. Swali hilo lilikuwa na haki yake. Kwa hesabu ya ubatizo, Rebmann hakuwa na mengi ya kuonyesha.

Alichokuwa nacho ni karatasi. Kila mwaka aliziongeza na kuzisahihisha, asitoe hata kitabu kimoja. Walio karibu na kazi ya uchapishaji wanaijua tabia hii: mhariri ambaye kila aonapo kurasa ziko tayari, huona neno moja zaidi la kuhakikisha. Kwa mtu mwenye afya ni kasoro ya kuvumilika. Kwa Rebmann ilikuwa hatari kubwa, kwa sababu macho yake yalikuwa yakififia, na marekebisho ya miaka ishirini yalikuwa katika mwandiko ambao yeye ndiye aliyekuwa akiuelewa vizuri kuliko wote.

Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuhusu biashara ya watumwa, alipita Mombasa mwaka wa 1873 na kumkuta katika hali hiyo: karibu kipofu, akiwa amezungukwa na kamusi zake. Ziara ya Frere ilichangia kuanzishwa kwa makazi ya watumwa walioachiwa huru ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambayo hadi leo yanaitwa Frere Town. William Salter Price alifika mwishoni mwa 1874 kuyajenga. Enzi nyingine ilikuwa imeanza, nayo haikuwa na nafasi kwa mzee wa kamusi.

Mwaka wa 1875 Rebmann alipanda meli kurudi Ulaya. Aliyemshika mkono njiani ni kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Aliyekuwa ameongozwa kwenda Kilimanjaro na Bwana Kheri aliongozwa kurudi kwao na Mwafrika mwingine, na wote wawili wametajwa kwa nadra katika vitabu vya historia.

Alikaa Korntal, karibu na Stuttgart, ambako Krapf alikuwa akiishi. Wawili hao walikuwa tena mahali pamoja, mmoja akiwa na macho na mwingine akiwa na kumbukumbu. Muda huo ulikuwa mfupi. Tafsiri ya Rebmann ya Injili ya Luka kwa Kiswahili cha Mvita ilichapwa St. Chrischona, karibu na Basel, mwaka wa 1876. Oktoba 4 mwaka huo Rebmann alifariki, akiwa na umri wa miaka 56.

Kilichofuata ni kazi ya uhariri isiyokuwa na mwandishi wa kuulizwa. Kamusi ya Kiniassa ilitoka mwaka wa 1877, ikiwa na jina la Rebmann kama mwandishi na la Krapf kama mhariri. Krapf hakuwa amekaa na Salimini. Alilazimika kuzitegemea karatasi. Kamusi ya Kiswahili ilichapwa London mwaka wa 1882 kwa jina la Krapf peke yake, na yeye pia hakuiona, kwa kuwa alifariki Novemba 1881. Kamusi ya Kinyika kwa Kiingereza ilikawia hadi mwaka wa 1887. Hiyo ilibeba majina ya wote wawili, na ilihaririwa na T. H. Sparshott, mmisionari aliyewahi kufanya kazi Mombasa. Watu watatu walitia mkono katika kitabu kimoja, na siku kilipotoka wawili walikuwa makaburini.

Wasomaji wa leo wa kamusi ya mwaka wa 1882 huona tahajia ya ajabu na maneno ya Kimvita ambayo Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, hakikuyachukua. Kwa mtafiti wa lahaja, hayo ndiyo yanayoipa thamani. Wanaisimu wa Chichewa nao hurejea kamusi ya Salimini na Rebmann kama ushahidi wa zamani wa jinsi lugha hiyo ilivyosemwa katikati ya karne ya 19.

Taita, ambako safari za Rebmann zilianzia, ilingoja zaidi. Hakurudi huko kufungua kituo, ingawa ndilo lililokuwa kusudi la safari ya Kasigau. Mwaka wa 1883 CMS ilimpeleka J. A. Wray kwenye mlima wa Sagalla, unaotazama mahali ambapo mji wa Voi ulikuja kujengwa reli ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1890. Wray alikaa na wenyeji, akauliza maneno na kusahihishwa, na mwaka wa 1894 kijitabu chake cha utangulizi wa lugha ya Kitaita kikachapwa London, miaka 47 baada ya Rebmann kulala Kasigau.